Muuguzi Aliyebaki Kwenye Kaseti

Baba yangu aliingia kwenye mchezo wetu akija kudai televisheni yake.

Wakati huo nilikuwa nikitoboa kadi za kompyuta katika jengo la hesabu la kampuni ya shaba. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa mbele ya mashine tangu asubuhi, mistari ya namba ikiingia machoni na kutokea vidoleni, bila kujua namba zile zilikuwa tani au mishahara. Mkuu wetu wa idara alikuwa mgeni wa Ulaya. Mkataba wake ulipokwisha alipanda ndege pale Luano, na kabla ya kuondoka akaniachia kompyuta yake ndogo ya nyumbani, kwa sababu, alisema, katika ofisi nzima ni mimi tu niliyewahi kumwomba nijaribu. Ilikuwa nyepesi kama sahani, vibonye vyake vya mpira, na haikuwa na kioo chake. Ilibidi uichomeke kwenye televisheni, kisha uiunganishe na redio ya kaseti, maana programu zake zilikaa kwenye kaseti za kawaida kama za muziki. Ukizicheza bila kompyuta ulisikia mluzi mkali na makelele, kama chuma kinachokatwa.

Televisheni tuliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa ya baba. Alikuwa dereva wa treni za madini aliyestaafu, mgane, mtu wa maneno machache hata kwangu mimi, binti yake. Jumapili mchana, wakati televisheni ya taifa ilipokuwa ikionyesha watu wakimwimbia na kumchezea ngoma Rais, baba alikuwa akikaa mbele yake na kusinzia. Sasa Jumapili zile tulizichukua sisi. Tulikuwa watatu. Wa kwanza mimi, wa pili opereta wa mashine kubwa ya kampuni, mwanamume mnene wa kucheka, aliyependa kanuni kuliko chakula, na wa tatu fundi wa redio kutoka mtaa wa Kamalondo, kijana wa ukoo wa Waislamu wa Maniema, aliyekuwa akitutengenezea nyaya na kubaki kucheza.

Mkuu wangu alikuwa ameniachia pia mchezo mmoja wa kuigiza uhusika. Unachagua wewe ni nani, unapewa nguvu na vitu vyako, kisha unatembea katika hadithi na kuamua utafanya nini kila unapofika. Hadithi yenyewe ilikuwa ya ngome za mawe, majoka, na viumbe vyenye masikio marefu. Tuliicheza majuma kadhaa. Siku moja fundi akauliza, "Lakini huyu wa masikio marefu, kazi yake ni nini?" Hakuna aliyejua. Ndipo tukaamua kutengeneza wetu.

Wetu ulikuwa wa lori linaloondoka Lubumbashi kwenda kaskazini wakati wa mvua. Ndani ya lori kuna muuguzi, dereva, mfanyabiashara na mwindaji. Programu niliiandika mimi, opereta akinisahihisha. Kompyuta ilirusha dadu na kukumbuka kila mmoja ana nguvu kiasi gani, amejeruhiwa wapi, amebeba nini. Mengine yote yalikuwa ya mdomo. Mimi ndiye niliyeongoza: nilisema njia imefika wapi, mbele kuna nini, na wenzangu walijibu kwa sauti za watu wao.

Jumapili moja baba alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Televizyo yangu," alisema.

"Tunamaliza sasa hivi, papa."

Alitazama kioo. Kulikuwa na maneno tu na namba. "Na hawa bantu bako wapi?"

"Hawaonekani," fundi akamjibu. "Tunabawaza kwa kichwa tu, muzee. Paka kwa kichwa."

Baba alivuta kiti. Opereta na fundi walikuwa wanabishana wakati huo. Lori lilikuwa limekwama matopeni na fundi, ambaye alikuwa mfanyabiashara, alitaka kutandika vitenge vyake chini ya magurudumu. Opereta alisema hapana, kanuni haisemi chochote kuhusu vitenge.

"Kanuni haisemi haiwezekani," fundi akasema.

"Kama kila mutu anafanya kile anataka, muchezo iko wapi?"

"Na kama tunafanya paka kile kimeandikwa, hadisi iko wapi?"

Waligeuka kunitazama mimi, mwongozaji. Kabla sijasema, baba akasema kutoka kwenye kiti chake, "Kitenge kitateleza. Kata matawi, weka kitenge pa juu." Akaeleza jinsi tope la huko lilivyo, jekundu juu na jeusi chini, na gurudumu linavyolichimba. Tukarusha dadu. Lori likatoka. Opereta akacheka mpaka akajishika tumbo, akamwambia, "Muzee, kaa na siye. Kuna nafasi."

Nilidhani angechagua dereva. Dereva alikuwa wa opereta, lakini opereta alikuwa tayari kumwachia. Baba alisoma kioo polepole, kidole chake kikifuata mstari. "Mi nitakuwa huyu," akasema. Kidole kilikuwa kwenye muuguzi.

"Huyo ni mwanamke, papa."

"Naona."

Hivyo baba akawa muuguzi. Na mtu ambaye mwaka mzima nyumbani alikuwa akiniambia habari za asubuhi, chakula kizuri na funga mlango, Jumapili alizungumza. Aliuliza kila kijiji tulichofika kama kuna wagonjwa. Alikataa lori liondoke kabla mtoto wa mtu hajashuka homa. Opereta alilalamika kwamba kwa mwendo huo tutafika tukiwa wazee, na baba akamjibu kwa sauti ya yule muuguzi, "Dereva, utangoja." Nikiwa jikoni naandaa bukari, ugali wetu, nilimsikia na nikasimama na mwiko mkononi, kwa sababu ilikuwa ni kama nyumba yetu ina mgeni.

Tulikuwa karibu na mto Lufira mvua ilipotupiga, mvua ya kweli, nje, na radi juu ya mabati. Tulikuwa tumehifadhi mchezo kwenye kaseti kabla ya kula, kama kawaida. Tulipoketi tena, umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta ikatoa harufu. Fundi aliifungua palepale mezani. Akaitazama ndani muda mrefu kisha akafunika kifuniko kwa upole, kama mtu anayemfunika aliyelala.

"Moyo yake imeungua," akasema. "Kintu hiki hakipatikani hapa. Hata Lusaka, sijui."

Baba aliuliza, "Na wale wa ndani?"

"Bako kwa kaseti, muzee. Bako bazima. Lakini hakuna mashini ya kubasoma."

Jumapili iliyofuata hatukucheza. Baba aliwasha televisheni, akakaa mbele yake, na nilipomsemesha aliitikia kwa kichwa. Nilimwambia fundi. Fundi akasema anamjua mtu mwenye kompyuta, asisita wa chuo kikuu, mwalimu kijana aliyerudi kutoka masomoni Ubelgiji. Aliwahi kumtengenezea televisheni. Anakaa upande wa Karavia, karibu na ziwa, katika nyumba ndogo ya nyuma ya nyumba kubwa.

Tulikwenda sote wanne, baba akiwa amevaa abakosi, suti yake ya sherehe. Asisita alitupokea kwa adabu, akatuita sitwaye, yaani raia, mmoja mmoja, akatuwekea viti. Alikuwa mwembamba, mwenye mazoea ya kufuta miwani kila anapotaka kufikiri. Kompyuta yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, yenye vibonye vya kweli. Lakini ilikuwa ya kiwanda kingine. Tuliweka kaseti yetu, tukangoja. Kioo hakikuonyesha kitu.

"Ni kawaida," akasema. "Hii yangu inapiga mluzi wake, na ile yenu ilikuwa inapiga mluzi mwingine. Hazisikilizani."

Opereta akatikisa kichwa. "Ni vile hata kwetu pa kazi. Bande, ule utepe ya mashini hii, mashini ya kiwanda kingine haiisome. Banafanya makusudi. Ukisha kuingia kwabo, hautoki."

"Si lazima makusudi," asisita akasema. "Kila mmoja alianza peke yake, hakumwuliza mwenzake. Lakini inawezekana. Mimi mwenyewe nimetengeneza programu inayosikiliza mluzi wa—" Akavua miwani.

Fundi alikuwa ameshasogeza kiti. "Inayosikiliza mluzi wa nini?"

Ilibidi aseme. Alikuwa ameandika programu inayosikiliza kaseti za aina ya kompyuta yangu na kuzigeuza ziingie katika yake. Ilimchukua kiangazi kizima. Tulipomwomba aiwashe alikataa. Alitaka kuiombea breve Kinshasa, hati ile ya serikali inayosema kwamba uvumbuzi huu ni wa fulani na mtu mwingine hawezi kuutumia bila ruhusa yake. Watu wakiiona kabla, alisema, itakuwa si yake tena.

Fundi alikasirika. Sijui kwa nini hasa, labda kwa sababu ya baba. "Mi natengeneza redio ya mutu, anasikia Lusaka, anasikia Bujumbura. Nitaomba Bujumbura ruhusa ya kuisikia? Kusikia haiko ya mutu!"

"Kusikia si ya mtu," asisita akasema, "lakini sikio hili nimelitengeneza mimi. Kazi ya kichwa haiko kazi?"

"Iko kazi. Lakini kama kila mwenye kutengeneza sikio analifungia, tutabaki bote viziwi."

Opereta alitaka kujua kama programu ni mashine au ni maandishi, maana breve ni ya mashine. Asisita akasema programu inafanya kazi kama mashine. Opereta akasema basi hata kanuni za mchezo wetu zinafanya kazi kama mashine, twende nazo tukazipigie muhuri, na yeyote atakayekwama matopeni Katanga atuombe ruhusa ya kukata matawi. Hata asisita alicheka, lakini hakusogea. Alikuwa ameifunika kompyuta ile kwa mikono yote miwili, na mimi niliyekuwa tayari kumchukia nilianza kumwonea huruma.

Baba akasogeza kiti chake karibu na asisita.

"Nani alikuibia?" akamwuliza.

Asisita akamtazama. Kisha akaeleza, akiangalia sakafu. Alipokuwa mwanafunzi alitengeneza hesabu fulani ya kupanga zamu za mitambo. Mwalimu wake akaisifu, akaiomba aisome nyumbani. Mwaka uliofuata aliiona imechapishwa, jina la mwalimu juu, na chini kabisa shukrani kwa wanafunzi.

"Wanafunzi," akarudia. "Kwa jumla."

"Mi pia," baba akasema.

Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Alisema kwamba enzi zake, wakati wa mvua, magurudumu ya treni yaliteleza kwenye mteremko wa kuingia kiwandani, na mchanga waliokuwa wakiumwaga relini ulikuwa unaganda kwa unyevu. Akakunja bomba kuukuu likapita karibu na moto wa injini, mchanga ukafika mkavu. Mkubwa wa karakana akaja kutazama, akachora. Baadaye bomba lile likawekwa katika treni zote, na mkubwa akapewa medali mbele ya wafanyakazi wote waliosimama mstari, baba akiwa miongoni mwao.

"Nilipiga makofi," baba alisema. "Bote tulipiga."

Halafu baba akasimama, akaichukua kaseti yetu, akaiweka mbele yake. "Usituonyeshe kintu. Shiye tutaenda pa inje. Fanya paka weye mwenyewe. Ukimaliza, utatuita."

Tukatoka barazani. Baba akaamuru tukae tukiwa tumeligeuzia dirisha mgongo. Fundi alinung'unika, lakini alikaa vilevile, uso barabarani, mikono imekunjwa, na kila opereta alipotaka kugeuka alimpiga kiwiko. Ndani tulisikia mluzi ukianza, ukikatika, ukianza tena. Jua lilikuwa zuri baada ya mvua. Watu walikuwa wakishuka kwenda ziwani na viatu vyao mkononi.

Alipotuita, uso wake ulikuwa na wasiwasi. Watu wetu walikuwa kwenye kioo, wote wanne. Lakini walikuwa wamevurugika. Dereva alikuwa amebeba bandeji na dawa. Mfanyabiashara alikuwa na funguo za lori. Mwindaji alikuwa na vitenge. Na muuguzi, wa kwanza katika orodha, hakuwa na kitu, na mbele ya neno nguvu palikuwa na sifuri.

"Sifuri ni kufa," opereta akasema taratibu. Alikuwa ndiye mtu wa kanuni, na niliona hakupenda kusema hivyo. "Njo kanuni. Tuliiandika bote."

"Haiko kanuni, iko kosa ya kusoma!" fundi akasema.

"Na kama ni dadu ingetupa kosa, tungeifuta?"

"Dadu iko ndani ya hadisi. Kaseti haiko ndani ya hadisi!"

Asisita hakuelewa ugomvi ule. Alikuwa hajawahi kucheza. "Samahani," akaniuliza, "huyu muuguzi ni nani?"

"Ni miye," baba akasema.

Asisita alimtazama mzee yule, abakosi yake, viatu vyake vilivyopigwa rangi. Sidhani alicheka hata moyoni. Alivuta kiti, akakaa, akaanza kunihoji mimi, niliyeiandika programu. Niliwapangaje? Nikamweleza kwamba niliwapanga kwa safu, kila mtu na namba yake. Kuanzia ngapi? Kuanzia moja, kwa sababu kompyuta yangu ilihesabu safu hivyo. Akajipiga kwenye paji la uso. Yake ilianza na sifuri. Kila mtu alikuwa amesogea hatua moja na kupokea mzigo wa jirani yake, na wa kwanza akapokea utupu. Alisahau kwamba tulitakiwa kutoka. Alibadilisha mstari ule mbele yetu sote, programu yake yote ikiwa wazi kwenye kioo, na fundi, namsifu kwa hilo hadi leo, akageuza uso akatazama ukuta.

Muuguzi akarudi na nguvu zake zote na bandeji zake.

Baba akasema, "Merci, asisita." Kisha akasema, "Mwindaji hana mutu. Unaweza kukamata nafasi ya mwindaji."

Tangu siku hiyo tulicheza kwake. Alikuwa mchezaji wa hovyo mwanzoni, mwenye kutaka kujua hesabu ya kila dadu kabla hajaamua, na opereta alimpenda kwa sababu hiyo. Tulivuka Lufira, tukapita Bunkeya, mfanyabiashara akapoteza nusu ya bidhaa zake na kuzirudisha kwa maneno matupu. Na Jumapili moja nikasema, kama mwongozaji, kwamba lori limefika Mitwaba, watu wanatoka nyumbani, je, muuguzi anafanya nini?

Mitwaba ilikuwa kwao mama yangu. Niliiweka mwisho wa njia kwa sababu lilikuwa jina nililolijua, sikufikiri zaidi. Mama aliomba kupelekwa huko mara nyingi, na kila mara kulikuwa na zamu, au mvua, au gari halikupatikana, mpaka akafa bila kwenda.

Baba alipitisha kidole polepole kwenye mstari wa muuguzi. Hakuna aliyemharakisha, hata opereta.

"Anashuka," akasema mwishowe. "Anaondoa vumbi kwa nguo. Anawaambia, nimefika. Bwana yangu alikuwa na kazi mingi. Haikuwa roho mbaya. Anawaambia vile. Halafu anauliza nani iko mugonjwa."

Asisita akavua miwani. Fundi akaangalia mikono yake. Sikujua kama tunatakiwa kurusha dadu, na sikurusha. Nikasema, "Wanasema wameelewa. Wanamletea maji ya kunawa." Baba akaitikia kwa kichwa, akaomba udhuru, akatoka kwenda kusimama bustanini. Nilimfuata baada ya muda. Alikuwa anatazama miti tu. Alinishika mkono akaniambia, "Mama, umeongoza muzuri." Basi. Hatukulizungumza tena, na haikuhitajika.

Habari ya breve iliisha bila kelele. Asisita alisafiri Kinshasa kwa shughuli za chuo na akapita kuuliza. Mtu wa ofisini akamsikiliza vizuri, akamwomba alete mashine yenyewe. Asisita akasema hakuna mashine, ni maagizo kwenye kaseti. Yule mtu akasema basi huo si uvumbuzi kwa macho ya sheria, ni maandishi, labda aende kwa wale wanaoshughulika na waandishi wa nyimbo. Kwa waandishi wa nyimbo wakamrudisha kwa wale wa mwanzo. Alitusimulia akijaribu kucheka, lakini alikuwa ameumia, na fundi, ambaye nilidhani angesema si nilikwambia, alimletea chai na kumwambia ilikuwa kazi kubwa hata kama Kinshasa haina jina la kuiita. Mwezi ule ule asisita akanakili programu na kutupa kila mmoja. Aliandika jina lake kwenye kioo cha kwanza, kwa herufi kubwa, na akatuomba jambo moja tu, kwamba tusilifute. Baadaye nilisikia kaseti ile imefika Likasi na Kolwezi, kwa watu tusiowajua, na jina likiwa bado pale.

Tulianza safari mpya baada ya hapo, kwa reli mara hii. Kila mmoja alitakiwa kuchagua mtu mpya. Baba alichagua mfanyabiashara, na akawa mwongo wa kutisha. Alimuuzia opereta tiketi ya behewa ambalo halikuwepo, akamuuzia fundi mbuzi mmoja mara mbili, kwa sauti tamu ya heshima, huku akiapa kwa watoto wake. Fundi aliruka kitini.

"Muzee, unatuiba!"

"Onyesha kanuni," baba akasema.

Opereta alipekua kanuni zake zote huku machozi ya kicheko yakimtoka. Hakuipata.